Flurina Capaul, Aliyekataa Kuhamisha Mwanga

Tarehe 31 Machi 2026 Bi Flurina Capaul atafunika taa ya meza yake kwa kitambaa chake cha kijani na kutoka katika Nyumba ya Ramani, baada ya kuitumikia miaka arobaini na miwili kasoro siku moja. Siku hiyo moja aliidai. Ofisi ya watumishi ilimjibu kwamba mwezi huisha pale unapoishia. Yeye amejibu kwamba tarehe mosi Aprili atakuja kama kawaida saa moja na nusu asubuhi, atakaa hadi saa kumi na moja, na anayetaka kumtoa aje na watu wawili wenye nguvu.

Mkuu wa idara, Mirjam Streiff, aliniomba niandike wasifu huu kwa jarida letu kwa sababu mimi ndiye niliyemwajiri. Aliomba maneno mia sita, yenye uchangamfu. Nimeipita idadi hiyo. Nina miaka sabini na tisa, moyo wangu unafanya kazi kwa robo ya nguvu zake, na daktari wa hapa kwenye makao ya wazee hapendi tena nimuulize habari za majira ya joto. Mtu wa hali yangu huandika kadiri anavyotaka.

Wasomaji wataona pia kwamba namwita Bi Capaul, ingawa tulifanya kazi chumba kimoja miaka ishirini na sita. Sababu yake itakuja.

Bi Capaul alizaliwa bonde la Lumnezia, katika nyumba ya wafugaji. Alifika kwetu hapa Chur Jumatatu ya tarehe 2 Aprili 1984, akiwa na penseli tatu na kisu cha kukatia jibini, ambacho hadi leo ndicho anachochongea. Nilimpa karatasi yenye kontua tupu, mistari ya kimo, nikamwambia achore kivuli cha bonde moja, ili milima isimame. Hakugusa penseli. Alivua skafu yake, akaikunjakunja mezani, akasogeza taa juu upande wa kushoto, akaitazama nusu saa nzima. Niliingia ofisini kwangu nikijilaumu kwamba nimeajiri mvivu. Kufikia jioni karatasi ile ilikuwa na milima ambayo ungetaka kuipapasa.

Wenzetu wa mauzo huuliza kila mwaka kwa nini ramani zetu huangaziwa kutoka juu kushoto, yaani kaskazini-magharibi, mahali ambapo jua la mchana la nchi hii halijawahi kufika. Nitawajibu kwa mara ya mwisho. Jicho limezoea taa iliyo juu. Ukiliwekea mwanga kutoka upande wa chini wa karatasi, yaani kusini, linaamini bado umetoka juu, na hapo kila kitu hugeuka: mgongo wa mlima unaonekana korongo, korongo linaonekana mgongo. Bi Capaul alikuwa na maneno yake ya kuwaambia wanagenzi waliobisha: "Jua halisomi ramani. Anayesoma ni mtu."

Alikuwa na kipimo chake pia. Kila karatasi aliyoimaliza aliipindua juu chini na kuwaita watu waitazame. Ikiwa milima bado ilionekana milima, aliifuta yote na kuanza upya, maana kivuli kilikuwa dhaifu. Ramani nzuri, alisema, ikipinduliwa lazima idanganye.

Mwaka 1991, tulipomaliza karatasi ya ishirini, nilimmiminia divai katika kikombe cha kahawa, kwa kuwa glasi zilikuwa zimeisha, nikampa jina langu la kwanza, aniite hilo badala ya Bwana Aebischer. Kwetu mkubwa ndiye hutoa jina, na likishapokelewa halirudishwi. Tangu siku hiyo mimi nilikuwa Hansjürg na yeye Flurina. Watu wazima hawazungumzii jambo hilo sana, ila kila mmoja wetu anakumbuka ni nani alimpa lake na siku gani.

Kompyuta ilipokuja ilichora kwa robo saa kile alichokichora kwa majuma sita. Nilimwita aione. Aliitazama skrini, akasema inafanana na karatasi ya bati iliyofungiwa soseji. Hakukosea. Mashine ilikuwa na taa moja isiyosogea, kwa hiyo bonde lililolala sambamba na mwanga lilipoteza kuta zake zote mbili na kuonekana tambarare. Mkono wa binadamu hapo huizungusha taa kidogo, kwa bonde hilo tu, kisha huirudisha, na hakuna anayegundua. Bi Capaul alijifunza mashine akiwa na miaka thelathini na saba. Nilimpongeza. Alisema, "Nimejifunza lugha yake ili niitukane ielewe."

Kisha zikaja ramani za simu. Wasio wa idara yetu wajue kwamba ramani ya vekta si picha. Ni orodha ya maumbo, na simu huyachora upya kila unapoikuza au kuigeuza. Mto ni umbo, paa la nyumba ni umbo, na kivuli nacho, ukitaka kiwemo, lazima kiwe umbo. Wengi walisema haiwezekani, kwamba kivuli ni moshi na moshi haukatwi kwa mkasi. Yeye aliukata. Aligawa giza katika ngazi saba, akachora mpaka wa kila ngazi, akapogoa vijinundu na vijimbonyeo vyote ambavyo mashine huviona na mtu havihitaji. Kivuli chake kilikuwa chepesi kupakuliwa, na simu ilipobadili rangi za ramani, ngazi zake zilibadilika nazo bila kuchafuka.

Hapo ndipo ningemalizia kama ningetaka maneno mia sita. Ningeongeza supu yake ya shayiri ya siku ya theluji ya kwanza, na jinsi asivyoweza kushindwa katika karata bila kudai zihesabiwe tena. Yote hayo ni kweli. Lakini Nyumba hii ina habari nyingine juu yake, isiyo ya kweli, na aliyeitunga ni mimi.

Mwanzoni mwa mwaka 2010 alikuja ofisini Bwana Duri Valär, mwenyekiti wa kijiji cha Val Sarenna, mwenye hoteli ya vyumba arobaini kwenye ubavu wa bonde unaotazama kusini. Alitoa simu yake akaiweka mezani kwangu. Alisema watu wake hupata jua saa nyingi kuliko kijiji chochote cha upande ule, wametangaza hivyo kwenye kila kipeperushi, na kwenye ramani yetu mteja anaona kijiji kimekaa gizani. Nilimweleza habari ya jicho. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba wageni wake hawalali ndani ya jicho. Alitaka mwanga utoke kusini, kwa bonde lake tu, na alikuwa na marafiki katika baraza linalotusimamia.

Nilimpelekea Bi Capaul ombi hilo. Alicheka kwanza, akidhani nafanya mzaha. Alipoona sifanyi mzaha alisema maneno ambayo nimeyabeba tangu hapo: "Hansjürg, mwambie aizungushe hoteli yake. Mimi mwanga siuhamishi."

Tulivutana miezi mitatu. Nilimwambia ni bonde moja dogo. Alisema mtu akipotea, hupotea katika bonde moja. Mwezi Julai alikwenda Lumnezia kumsaidia kaka yake kukata majani ya ng'ombe, kama kila mwaka, majuma mawili bila simu. Mashine nilijua kuitumia kiasi. Nilihamisha mwanga wa Val Sarenna kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa wazee wa idara wanajua kinachofuata, kwa sababu wanaijua desturi. Hakuna kivuli kinachotoka katika Nyumba hii bila herufi za mwanzo za jina la aliyekichora, kwa penseli, chini kushoto mwa karatasi ya idhini. Si za mkuu. Za mchoraji, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa na mlima. Mashine zimekuja na desturi hiyo imebaki, na naamini ndiyo kitu bora tulicho nacho. Mchana wa tarehe 16 Julai, dirisha likiwa wazi na kengele za ng'ombe zikisikika kutoka mlimani, nilichukua penseli nikaandika F.C.

Mwezi Septemba walimu wawili kutoka jimbo la Aargau walitembea Val Sarenna katika ukungu. Simu zao ziliwaonyesha mgongo wa mlima wa kushukia. Lilikuwa korongo. Mmoja aliteleza mita ishirini na kuvunjika nyonga. Helikopta iliwatoa saa sita mchana ukungu ulipopasuka. Aliyevunjika nyonga alinusurika, na bado anafundisha, lakini hajapanda tena mlima wowote. Aliniandikia hivyo mwaka juzi, baada ya mimi kumtafuta.

Baraza liliunda kamati. Karatasi ya idhini ilitolewa, na chini kushoto zilikuwepo herufi zake. Bi Capaul alisimama mbele ya watu watano waliovaa tai akasema si alama yake, kwamba aliikataa kazi hiyo tangu mwanzo. Aliwaomba waipindue simu juu chini, waone jinsi korongo linavyorudi kuwa korongo. Simu, kwa ujinga wake, ilizungusha ramani isimame tena sawasawa, na wajumbe wawili wakatabasamu. Alitafuta jinsi ya kuizuia isizunguke. Alipoipata, walikuwa wameshageukia karatasi zao.

Kisha mwenyekiti wa kamati akaniuliza mimi. Ningeweza kusema neno moja. Nilisema matatu: "Labda amesahau tu."

Yeye hakupiga kelele. Alinitazama kama anavyotazama karatasi iliyopinduliwa. Kisha akaiambia kamati, kwa utulivu kabisa: "Sijasahau. Bwana Aebischer anajua kwamba sijasahau."

Ndivyo alivyonirudishia jina langu, mbele ya watu, na sijawahi kumsikia akilitamka tena. Mkono wake aliendelea kunipa kila asubuhi. Jina, hapana.

Alipelekwa chini, kwenye ghala la ramani za karatasi, kuanzia Novemba 2010. Wengi walidhani ataacha kazi. Nikiri kwamba nilitumaini hivyo. Hakuacha. Alibandika mlangoni kibao alichokiandika mwenyewe, Idara ya Vivuli, na kila kilipong'olewa alibandika kingine. Mtu wa usafi alihesabu kumi na nne. Mwaka uliofuata nilistaafu mimi. Wasifu wangu ulichapishwa katika jarida hilihili, na ulisema kwamba mkono wa Hansjürg Aebischer haukuwahi kuidhinisha kosa. Niliusoma kabla haujachapishwa. Nilisahihisha mwaka wa kuzaliwa, nikauacha uende. Bi Capaul alipanda kutoka ghalani kuja kwenye sherehe, akasimama nyuma karibu na makoti, na ilipofika zamu yake ya kunipa mkono alinitakia heri na kuniambia ghala lina baridi nzuri kwa karatasi.

Kule chini alifanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameitafakari ile simu iliyozunguka mbele ya kamati. Mtu akitembea kuelekea kusini, ramani hujigeuza ili kusini iwe juu, na kivuli chetu hugeuka nayo: mwanga uliokuwa juu kushoto sasa unatoka chini kulia. Kwa maneno mengine, kosa la Val Sarenna lilikuwa likitokea kila siku, katika kila bonde, mkononi mwa kila mtu aliyegeuka, na hakuna kamati iliyoundwa. Akaanza kuchora upya. Kila bonde mara nane, kwa pande nane za mtu kutazama, mwanga ukibaki juu kushoto mwa yule anayesoma. Saa za kazi alitoa ramani ghalani. Saa za mapumziko alichora. Miaka saba. Mabonde mia mbili na kumi na mawili.

Mwaka 2017 Mirjam Streiff, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepewa idara, alishuka kutafuta karatasi ya zamani ya bonde la Engadin. Amenisimulia. Alifungua droo isiyo yake, akaona bonde moja likiwa na nyuso nane, akauliza ni kazi ya nani. Bi Capaul alimwambia afunge droo kwanza, vumbi linaingia. Kisha wakaongea hadi basi la mwisho la Mirjam likapita. Majira ya kuchipua yaliyofuata ramani yetu ya simu ilitoka na vivuli vinavyogeuka na msomaji, ya kwanza kufanya hivyo kwa mkono wa binadamu tangu bonde la kwanza hadi la mwisho, na meza yake ilirudishwa juu, dirishani. Kibao cha kumi na tano alikibandika mwenyewe, na hicho hakijang'olewa.

Lakini faili lake halikuguswa. Mirjam aliniambia hivyo mwezi Januari, kama jambo dogo tu, alipokuwa akiniomba wasifu: kwamba bado kuna onyo la mwaka 2010 kuhusu uzembe katika idhini, na kwamba ni vizuri nisilitaje. Atastaafu nalo. Ndiyo maana nilimwomba Bi Capaul anitembelee.

Alikuja Jumapili, na keki ya kokwa za jozi. Aliikata kwa kile kisu. Nilimwambia yote, kuanzia Bwana Valär hadi penseli. Nilichukua muda mrefu kwa sababu ya pumzi. Yeye alikula kipande chake, akasubiri nimalize, akaniuliza kama nitakula changu.

Nikamwambia sijaomba anisamehe. Akasema vizuri, maana hakuja kusamehe, amekuja kuleta keki. Kwamba alijua tangu siku ileile, mwandiko wangu anaujua kama kontua za kwao. Kisha akasema: "Mimi unaniambia nini, Bwana Aebischer? Nimekaa na ukweli huo miaka kumi na tano, saba kati yake chini ya ardhi. Wasioujua ni wao. Waandikie wao."

Nimewaandikia.

Mirjam alisoma aya hizi juma lililopita akanipigia. Alipendekeza kwa upole niseme kwamba mwaka 2010 kulitokea kutoelewana. Nilimjibu kwamba hapakuwa na kutoelewana kokote. Tulielewana kabisa, Bi Capaul na mimi, ndiyo maana nilingoja aende kukata majani. Aliuliza kama nimefikiria jina langu. Nimelifikiria miaka yote hiyo, na angalieni lilikonifikisha. Kwa hiyo sifuti neno. Baraza likitaka kunionya, na linionye, ila liharakishe. Mirjam akasema atauchapisha wote.

Nina maombi mawili. Karatasi ya idhini ya Val Sarenna ipo ghalani, kabati la tisa, droo ya chini. Bi Capaul ameitunza vizuri kuliko karatasi zote, katika bahasha isiyopitisha unyevu. Naomba iletwe kwenye sherehe, pamoja na kifutio na penseli. Nitafuta herufi zake mbele yenu na kuandika H.A. Nitaandika polepole, kwa hiyo mnipe muda na msinisaidie. Onyo lile litolewe kwenye faili lake siku hiyohiyo, liwekwe kwenye langu. Bado ninalo faili, nimeuliza.

Pili, mpangilio wa viti. Yeye mwekeni juu kushoto, karibu na dirisha. Kiti changu cha magurudumu kiwekeni chini kulia. Kila mtu wa idara hii anajua upande huo ni wa nini.

Kwa niaba ya Nyumba ya Ramani, na ya kila aliyegeuka katika ukungu akakuta mlima bado ni mlima, tunakushukuru, Bi Capaul, kwa miaka arobaini na miwili. Siku ile moja nakuongezea mimi, kwa mamlaka yoyote yaliyonibakia. Nenda Lumnezia ukakate majani bila kuangalia kalenda. Uishi vizuri, uishi sana, na karata zihesabiwe upya kila unapotaka. Jina nililokupa mwaka 1991 sikulichukua. Lipo mezani pako, uliokote ukipenda, na usipopenda, ulifunike pamoja na taa.